Siku ya proklamasio, nani anaitwa mbele?

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umekwisha kuhuzuria proklamasio ya shule. Unajua vile inapitaka. Viti vya plastiki vinapangwa uwanjani tangu saa mbili asubuhi, lakini wakubwa wanafika saa tano. Wamama wamevaa vitenge vya namna moja, na kila mmoja ameficha kopo la poda katika mfuko wake. Prefe anasoma majina na asilimia: huyu 58, huyu 61, huyu 72. Kwa kila jina kelele inapanda, na kijana aliyetoka nyumbani safi anarudi kichwa chote cheupe, sawa vile mtu aliyelala katika unga wa bukari. Wale walioanguka wanapita nyuma ya atelie, na hakuna mtu anayewatazama.

Ni siku nzuri, na sitaki mtu aseme ya kama pasta amesimama kuipinga. Mimi mwenyewe nilimwagiwa poda mwaka 1998, na mama yangu alicheza mpaka kiatu chake kikapotea. Lakini tangu miaka michache niko katika kamiti ya wazazi ya shule moja ya ufundi, ile ile niliyosoma mbele ya kwenda shule ya Biblia. Huko nilipewa kazi ambayo sikuitafuta: kusaidia kuchagua wale ambao shule itawaheshimu, si wanafunzi tu, lakini walimu pia, na wafanyakazi, na wanafunzi wa zamani. Jina la shule sitalitaja, juu nitasema makosa yake, na yangu pia. Wewe unayekaa Likasi, Kolwezi ao Kipushi utafikiri ni shule ya kwenu.

Heshima ya zamani

Tukumbuke kidogo ginsi mambo ya heshima yalivyokuwa katika inchi hii ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Mwaka ule ule wapadri Wasalesiani walifika, na shule ya ufundi ikafunguliwa chini ya mikono yao, maana kompani na serikali walihitaji watu wenye kujua kufunga bulo, kupiga msumeno, kuunganisha chuma. Walihitaji mikono. Kichwa hakikuombwa. Kwa miaka mingi Mkongo aliweza kuwa fundi hodari sana, lakini plani ilichorwa na mwingine.

Na heshima nayo iligawanywa vile vile. Mwaka 1948 Wabelgiji walileta karte ya merite sivike, kwa Mkongo aliyeonekana kuwa na mwenendo mzuri na masomo. Mwaka 1952 wakaongeza nyingine, ya kuandikwa sawa na Mzungu mbele ya sheria, na kwa hii ya pili walikuja kuchunguza mpaka nyumbani kwa mtu namna anavyoishi. Wazee wengine waliifurahia karte yao, wakaitunza pamoja na picha ya ndoa. Wengine waliona haya. Heshima ambayo mtu anapashwa kwenda kuiomba, kisha wanahesabu sahani zake, ni vigumu kuisikia kuwa tamu.

Universite ya Élisabethville, ambayo leo ni ya Lubumbashi, ilifungua milango mwaka 1956. Miaka mine baadaye tulipata uhuru, na Wakongo wenye diplome ya universite katika inchi nzima walikuwa wachache sana. Tarehe 1 Januari 1967 Union Minière ikawa ya Serikali, ikaja kuitwa Gécamines, na mwaka ule ule mtihani wa Serikali ulianza. Wale waliosoma ufundi wanajua ya kama mtihani ule hauishi kwa kalamu. Kuna pia siku ya kusimama mbele ya juri na chuma mkononi. Pale hakuna kunakili kwa jirani.

Kisha ikaja miaka ile unayoijua, ao ambayo wazazi wako wanaijua. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470 000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50 000. Mishahara ilikuwa inachelewa mwezi, miezi miwili, sita. Tangu 1992 na 1993 wazazi wenyewe walianza kumlipa mwalimu ile tunayoiita prime, ili mtoto asirudi nyumbani. Tangu 2019 masomo ya primere yametangazwa kuwa ya bure, lakini shule ya ufundi iko katika sekondere, na kule mzazi angali analipa. Kwa hiyo tukisema leo juu ya kuheshimu mwalimu, tunasema mbele ya mtu ambaye mshahara wake kwa sehemu kubwa umetoka mfukoni mwa mama anayeuza mafuta ya ngazi kwa vikombe.

Papa Magazini

Niruhusu, ndugu msomaji, nikae kidogo na mtu mmoja.

Katika shule yetu kulikuwa chumba kidogo pembeni ya atelie ya mekaniki, na dirisha la mbao. Nyuma ya dirisha kulikuwa magasinieri. Sisi tulimwita tu Papa Magazini. Ku ukuta wake kulikuwa ubao mkubwa, na kila chombo kilichorwa kivuli chake ku ubao: nyundo, tupa, ufunguo, na ile piyakulisi ya kupimia unene wa chuma. Kila mwanafunzi alikuwa na jeto yake, kisahani cha shaba chenye nambari. Ukitaka chombo unatoa jeto, anaitundika ku msumari pale chombo kilipokuwa, na anaandika katika kaye. Ukirudisha, anakigeuza chombo mbele ya mwanga, anakipapasa, kisha anakupa jeto yako. Ukileta tupa yenye mafuta, anakufukuza. Alitukosesha raha sana. Wengine walimchukia.

Mwaka 1991, wakati wa uporaji katika miji yetu, watu waliingia shuleni usiku. Walibeba viti, madirisha, mpaka mlango wa choo. Moteri za mashine za turu walizifungua, wakaacha chuma kizito juu hakibebeki. Lakini walipovunja magazini walikuta ubao mtupu na vivuli vyake. Papa Magazini, mke wake na watoto wao walikuwa wamehamisha vyombo vyote katika mifuko ya makala, safari kwa safari, wakavizika chini ya nyumba ya kuku katika lupango yao. Shule ilipofunguka tena, alivileta vyote na shareti, kaye chini ya kwapa. Wakahesabu. Hakikosa hata kimoja.

Fikiri kwanza. Mshahara haukuwako. Piyakulisi moja sokoni ilikuwa chakula cha juma zima. Mtu mwenye njaa alilala miezi juu ya duka zima la vyuma, na watoto wake walijua, na hawakuuza hata bulo. Sisi tulioingia shuleni kisha pale tulijifunza kazi kwa sababu ya nyumba ya kuku ya mtu huyu.

Siku ya proklamasio yangu, mwaka 1998, hotuba zilishukuru wakubwa wa mji, kompani, prefe, mke wa prefe, na mtu aliyekopesha mikro. Papa Magazini alikuwa nyuma, anakusanya viti. Nilimwona. Kichwa changu kilikuwa kimejaa poda, sikuwaza kitu.

Ginsi tulivyochagua

Sasa nirudi ku kamiti. Kwa wanafunzi, tulifikiri kazi itakuwa rahisi: unatazama asilimia, basi. Haikuwa hivyo. Mwalimu wa atelie alisema wa kwanza kwa asilimia hajui kushika tupa, anajua kushika kalamu. Tukaamua kila mmoja wa wale watano wa juu alete kazi yake ya mikono kwenye meza, bila jina, na mafundi watatu kutoka inje waitazame. Katika elektrisite aliyeshinda alikuwa msichana, aliyekuwa amebobina upya moteri ya kinu cha mahindi. Hapo mtu mmoja, mzuri kabisa wa moyo, akatoa shauri: “Tumpatie zawadi ya wasichana.” Mama mmoja wa kamiti akamtazama, akamuuliza: “Ile moteri, inajua kama njo msichana aliibobina?” Shauri likaisha. Alipata zawadi ya kwanza, bila neno lingine nyuma.

Namna hii ya kupima kazi bila kumpima mtu si mpya. Kule Ufaransa, tangu mwaka 1924, wako na mashindano ya mafundi bora wa inchi. Fundi analeta kazi yake, mafundi wenzake wanaipima, na anayeshinda anapata haki ya kuvaa kola yenye rangi tatu za bendera yao. Mpishi anaivaa, mtengenezaji wa mkate anaivaa, na watu wanasimama. Hata katika kitabu cha Kutoka, wakati wa kujenga hema, fundi Bezaleli anatajwa kwa jina lake, na la baba yake, na la kabila lake, na msaidizi wake Oholiabu hasahauliwi. Kwetu fundi anaitwa “wewe wa mabati”.

Kwa walimu tulikutana na jambo lenye uchungu. Yule ambaye wanafunzi wote walimtaja alikuwa wa nuvele inite. Ndiyo kusema alifundisha miaka sita bila jina lake kuwa ku listi ya mshahara ya Serikali. Aliishi kwa prime tu. Tulitaka kumpa karatasi nzuri yenye fremu. Yeye akatuambia kwa adabu: “Wababa, karatasi niko nazo nyingi.” Alikuwa na haki. Tuliacha fremu, tukachagua wazazi wawili wenye kujua maofisi, wakaenda na dosie yake mlango kwa mlango. Siku ya sherehe tulisoma mbele ya watu barua zote zilizokwisha kuandikwa na nambari zake. Mpaka leo ninapoandika, jina halijaingia, na wale wazazi wawili wangali wanatembea.

Sasa kosa langu. Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani ni tajiri, ana magari ya kubeba mizigo. Alisema atatoa mabati ya atelie yote, kama atatajwa mwanafunzi bora wa zamani na jina lake liandikwe ku ukuta. Ndugu, paa la atelie linavuja. Mvua ya Januari inaanguka juu ya mashine za turu. Mimi nilisema ndiyo, na nilisema kwa nguvu, na nilitumia cheo changu cha pasta kuwanyamazisha wengine. Nilikuwa ninafikiri mabati. Mwalimu mmoja mzee, ambaye haongeaki mara mingi, akauliza tu: “Yeye alifanya nini na kazi tuliyomfundisha?” Hakuna aliyejibu. Tajiri huyu hakuwahi kushika tupa tangu siku ya diplome.

Tuliongea juma mbili. Mwisho tukakubaliana ya kama asante ni kitu kimoja na heshima ni kingine. Mtu aliyetoa mabati anapata asante, kwa sauti, mbele ya wote. Lakini kuitwa bora, hapana. Nilitumwa mimi kumwambia, juu ni mimi nilimwahidi. Alinipokea vizuri, alinipa chupa ya sukre, kisha akasema atafikiri. Alituma nusu ya mabati. Nusu ya atelie ingali inavuja, na wazazi wengine wananikumbusha kila mvua.

Kwa kuchagua wanafunzi wa zamani tuliuliza wenyewe kwa wenyewe. Wametawanyika: wengine wako Tenke-Fungurume, wengine Kamoa, kule upande wa Kolwezi ambako shaba ilianza kutoka mwaka 2021, wengine wana atelie ndogo barabarani na mashine moja ya kuunganisha chuma. Wengine ni wale walioacha kompani mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa ile mpango ya kuondoka kwa mapenzi. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na juu ya yale mapenzi ningeweza kuandika ukurasa mwingine. Tuliwauliza maulizo mawili. La kwanza: nani kati yenu anastahili? Walimtaja mmoja wa atelie ya barabarani, ambaye kila mwaka anachukua vijana watatu walioanguka mtihani, anawafundisha bila kuwalipisha, na wanatoka na kazi. Hata mkubwa wa zamu kutoka mgodi mkubwa alimtaja huyo.

La pili: ni nani hapa shuleni alikufundisha kitu ambacho ungali unakitumia? Tulingoja majina ya walimu. Yalikuja. Lakini katika karatasi nyingi, kuliko jina lingine lote, kulikuwa mtu ambaye hakuingia kalasi hata siku moja. Mmoja aliandika: kule mgodini, kabla ya zamu kuisha, ninahesabu vyombo vyangu na sauti ya Papa Magazini katika masikio.

Sherehe

Alikuja na koti la rangi ya udongo, lililopigwa pasi vizuri, na mke wake mkononi. Amezeeka, mguu mmoja unavuta, lakini dirisha la mbao angali analifungua kila asubuhi. Tulikuwa tumepanga vizuri mara hii: karatasi yenye fremu, ndiyo, lakini pia matunzo yake na ya mke wake katika dispansere kwa mwaka mzima, yaliyokwisha kulipwa na wanafunzi wa zamani, na risiti ikasomwa. Yule mwalimu mzee alieleza habari ya 1991 tangu mwanzo. Wanafunzi wa leo walikuwa hawaijui. Nyumba ya kuku ilipotajwa, mke wake alifunika uso na kitenge. Nilifikiri analia, kumbe alikuwa anacheka. Aliniambia kisha pale ya kama usiku ule jogoo alikataa kunyamaza, na yeye ndiye aliyemchinja. “Tulimukula na woga,” akasema.

Wakampa mikro. Watu wakangoja maneno ya shukrani. Akaingiza mkono katika koti, akatoa kaye ya zamani yenye gamba la bluu, akavaa miwani.

“Minashukuru sana,” akasema. “Lakini mbele ya kuikala, niko na kaneno. Batoto, mu hii kaye kungali bantu benye habayarudisha bintu bya shule.”

Kicheko kikaanza, kikakatika, juu alikuwa ameanza kusoma. Hakusoma majina, alisoma nambari za jeto. Mwaka 1994, jeto 12, ufunguo wa kumi na tisa. Mwaka 1996, jeto 27, piyakulisi moja. Hapo enjenyeri mmoja mwenye tumbo, aliyekuja na gari la kompani, akainama chini ya kiti sawa vile ametafuta kalamu, na mke wake akamnyooshea kidole mbele ya watu wote. Mwaka 1997, jeto 41, tupa moja bapa. Akaondoa miwani. “Uyu anakuwaka pasta sasa.”

Ndugu msomaji, uwanja mzima ulinigeukia. Ni kweli. Niliipeleka nyumbani siku moja ya ijumaa ili ninoe jembe, maana baba hakuwa analipwa na tulikuwa tunaishi kwa shamba nyuma ya kambi. Nilisema nitarudisha siku ya kwanza. Mama akaitumia msimu huo, na mwingine, mpaka meno yake yote yakaisha. Nimehubiri mara mingi juu ya uaminifu katika mambo madogo. Tupa ile haikunirudia katika akili hata mara moja.

Siku ya kwanza asubuhi nilipita sokoni, nikanunua tupa bapa, nzuri kadiri nilivyopata. Nilisimama mbele ya dirisha la mbao, nyuma ya wanafunzi wawili waliokuwa wamenitangulia, na hakunipitisha mbele yao. Zamu yangu ilipofika aliichukua, akaigeuza mbele ya mwanga, akapitisha kidole gumba.

“Ile ya kwetu ilikuwa muzuri kupita hii,” akasema.

Lakini alifungua kaye, akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya nambari yangu, akaniuliza tarehe na akaiandika pembeni. Kisha akageuka ku ukuta. Pembeni kabisa ya ubao, ku msumari wa chini, jeto yangu ilikuwa ingali inaning'inia. Akaipangusa na shati lake, akanipa.